Uwanja wa Olmoti na kodi ya miezi sita: nani anapandisha bei za Arusha?

MLETA MADA, MURIET

Wana Chuga, habari za leo. Naleta jambo ambalo tunalizungumza kila jioni vibandani na kwenye daladala, lakini halifiki pa kuamuliwa.

Septemba 2023 CAF iliipa Tanzania AFCON ya 2027 pamoja na Kenya na Uganda, nasi Arusha tukapata uwanja mpya pale Olmoti, wa watu wapatao 30,000. Nilifurahi na bado nafurahi, maana mimi ni mtu wa mpira. Ila tangu hapo kila anayeuza au kupangisha huku kusini mwa jiji ana neno moja: "Hapa ni karibu na uwanja." Kiwanja cha ishirini kwa ishirini kisicho na maji wala njia ya gari, karibu na uwanja. Chumba kisicho na dari, choo cha nje, karibu na uwanja. Kodi inapanda, na ukiuliza nini kimeongezeka chumbani hupewi jibu.

Mimi nasema hivi: kodi ya kulipa mapema isizidi miezi mitatu, na iwe sheria ya nchi, isiwe hisani ya mwenye nyumba. Hebu tupige hesabu. Chumba cha laki moja kwa mwezi, unadaiwa miezi sita: laki sita. Dalali naye anataka mwezi wake: laki saba. Hapo hujabeba godoro wala kununua mtungi wa gesi. Binti anayeuza duka pale Soko Kuu, kijana anayeosha magari ya watalii, wanaitoa wapi laki saba kwa mkupuo? Wanakopa kwa riba, na kodi ya laki moja inakuwa laki na kitu bila mwenye nyumba kujua.

La pili, mji huu umeshawahi kupanga bei zake kwa kutegemea wageni. Umoja wa Mataifa ulianzisha Mahakama ya Rwanda, ya kesi za mauaji ya kimbari, mwaka 1994, ikawekwa hapa, AICC, kituo chetu cha mikutano ya kimataifa. Nyumba za Njiro na kwingineko zikawa zinatajwa kwa dola. Watu wakajenga kwa mikopo wakiamini dola haitakata. Tarehe 31 Desemba 2015 mahakama ikafungwa, na mageti mengi yakabaki na vibao vya kutafuta mpangaji. Ile ilikaa miaka ishirini. AFCON ni kama mwezi mmoja, timu 24, mechi 52 zilizogawanywa nchi tatu. Mechi zitakazochezwa Olmoti zitahesabika kwa vidole. Mtu anampandishiaje mpangaji kodi ya miaka kwa ajili ya mechi za kuhesabika?

Karibuni, na wenye nyumba msikae kimya.

MAMA MWENYE VYUMBA, OLASITI

Mwanangu, umesema vizuri ila umesema upande mmoja. Mimi ni mwalimu mstaafu. Vyumba vyangu nilivijenga kwa mkopo wa mshahara na hela ya vikoba, tofali kwa tofali. Sina dola na sijawahi kupangisha mzungu. Unajua kwa nini nadai miezi sita? Kwa sababu ya Januari. Wajukuu wanakwenda shule, ada haidaiwi kidogo kidogo. Nikipewa mwezi mmoja mmoja, ile hela inaishia sokoni.

Na wapangaji mnajijua. Nimeshaamka asubuhi nikakuta chumba cheupe, mtu kahama usiku na kitasa kang'oa. Nikamshtaki wapi? Nikifungua kesi Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, nauli na muda vinazidi deni lenyewe. Miezi sita ndiyo dhamana yangu. Mkitaka niiache, nipeni dhamana nyingine.

Kuhusu mahakama ile, usiwatishe watu. Ilipofungwa, mji haukufa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ipo, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ipo hapa tangu 2007, na Umoja wa Mataifa wenyewe uliacha ofisi Lakilaki ya kumalizia kazi za mahakama ile. Wageni wa Arusha hawaishi.

MLETA MADA, MURIET

Shikamoo mama. La Januari sikuwa nimelifikiria, na nalipokea. Lakini ona: unachodai wewe ni ulinzi dhidi ya mpangaji anayekimbia. Huo unaweza kupatikana kwa mkataba wa maandishi na pesa ya dhamana ya mwezi mmoja inayorudishwa mtu akiacha chumba salama. Miezi sita haimzuii mkorofi. Inamzuia asiyekuwa nayo, hata akiwa mwaminifu kuliko wote. Mkorofi mwenye pesa atalipa na kitasa atang'oa vilevile.

DALALI, SOMBETINI

Mnatutaja kama sisi ndio tunapanga bei. Bei ni ya mwenye nyumba. Mimi nazunguka na bodaboda yangu, mafuta yangu, nakupeleka nyumba nne unakataa zote kwa sababu moja: jikoni ni padogo. Mwezi mmoja ni jasho langu.

NESI, NGARENARO

Kaka dalali, jasho lako silipingi. Napinga kwamba aliyekutuma ni mwenye nyumba na anayekulipa ni mimi. Na wengine wenu mnaomba hela ya kuonyesha tu, hata kama chumba kilishachukuliwa juzi.

Halafu kuna jambo dogo ambalo wapangaji wengi hawaliangalii. Kodi ya jengo. Tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, unaponunua umeme. Ilianza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, mwaka 2023 ikapanda kuwa 1,500. Kwa mwaka ni 18,000. Ni kodi ya mwenye jengo, lakini anayenunua umeme ni mpangaji. Ni wangapi hapa mmerudishiwa au mmekatiwa kwenye kodi ya nyumba? Si hela nyingi, najua. Ila inaonyesha mambo yanavyokwenda: kila gharama inateremka mpaka imkute mpangaji.

MAMA MWENYE VYUMBA, OLASITI

Hilo la LUKU una haki, binti yangu. Kwangu mita ni moja kwa vyumba vyote na mwisho wa mwaka nitawapunguzia. Nimeshasema, nitafanya.

MZEE, KALOLENI

Vijana, nawasikia mnaomba sheria. Tulikuwa nayo. Ilikuwepo Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Pango ya mwaka 1984, na kabla yake zilikuwepo nyingine. Kulikuwa na Baraza la Nyumba la kusikiliza mashauri. Mwenye nyumba hakuweza kupandisha kodi anavyotaka wala kumtoa mtu bila amri. Ilifutwa 2005.

Nawaambia nilichokiona. Mwaka 1971 Serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 yakaenda Shirika la Nyumba. Kodi zake zilikuwa ndogo kweli. Tulizifurahia tuliokuwa ndani. Lakini rangi haikupakwa, mabomba yakaoza, na kijana aliyetoka Karatu au Babati kutafuta kazi hakupata chumba hata kimoja, kwa sababu aliyemo hatoki. Akitoka anadai kilemba, yaani anakuuzia nafasi ya kupanga nyumba ambayo si yake. Kilemba kikawa kikubwa kuliko kodi ya miaka.

Kwa hiyo, mleta mada, ukisema kodi yenyewe ipangwe na Serikali, mimi sipo nawe. Bei iliyobanwa huku inatokea kule. Ukisema miezi ya kulipa mapema ipunguzwe, nipo nawe, maana hiyo haimzuii mtu kujenga. Usichanganye mambo hayo mawili.

MLETA MADA, MURIET

Shikamoo mzee, asante. Sijasema bei ipangwe. Nasema miezi. Mwenye chumba aseme laki moja au laki mbili, soko litamjibu. Lakini mpangaji akilipa kwa miezi mitatu anaweza kuhama akionewa. Aliyefungwa kwa mwaka mzima hawezi kuhama hata paa likivuja. Hela yake imeshaliwa. Hapo ndipo bei inapokosa wa kuibishia.

CHALII WA UNGA LIMITED

Mnabishana miezi, mimi nauliza la mpira. Huo uwanja wa watu 30,000, AFCON ikiisha anacheza nani?

Maana Arusha hatuna timu Ligi Kuu. JKT Oljoro ilishuka 2014, AFC ya zamani, timu ya Arusha, tunasimuliwa na baba zetu. Oktoba 2024 Coastal Union walihamishia hapa mechi yao na Yanga, Uwanja wa Amri Abeid ukawa na nderemo, na waliokuwa wenyeji siku ile ni watu wa Tanga! Jiji lenye watu wote hawa, lenye Simba na Yanga kila kona, linaazima timu ya kuwa mwenyeji wake. Hili linaniuma kuliko kodi.

Na viwanja vya mtaani vinaisha. Mtu anapopata mpira ni pale penye uwazi, na kila penye uwazi pamewekwa bikoni. Watoto wanacheza barabarani, gari likija wanasema "gari!" wanakaa pembeni, wanaendelea. Tunajenga jukwaa la kutazamia wachezaji wa nchi nyingine wakati wa kwetu hawana pa kujifunzia. Mwenye kupima viwanja vipya apime na pa kuchezea, na asipauze.

MANGI WA MOSHI, MAJENGO

Majirani, naingia kwa sababu hili tumeliona. Polisi Tanzania walicheza Ligi Kuu kwetu, Uwanja wa Ushirika, kuanzia 2019 mpaka waliposhuka 2023. Simba na Yanga wakija, Moshi ilijaa. Nyumba za wageni, mama lishe, bodaboda, wauza jezi, kila mtu alipata. Siku inayofuata mji ukarudi ulivyokuwa. Sikuwahi kusikia chumba cha Majengo kimepanda kwa sababu ya Ushirika. Faida ya mpira ilikwenda kwa anayeuza siku ya mechi, na hiyo ni faida nzuri, ya watu wengi.

Sasa nawaonea huruma ninyi mnaonunua viwanja vya "karibu na uwanja" kwa bei ya leo mkitumaini kuuza kwa bei ya 2027. Sisi kwetu mtu ana kihamba chake, shamba la ukoo, juu mlimani, Kibosho au Machame au Marangu, hakiuzwi. Ukikosa mjini unarudi juu. Ninyi wengi mmeuza vya kwenu ili mnunue huko?

CHALII WA UNGA LIMITED

Mangi, Polisi ilikuwa timu ya jeshi, siyo ya Moshi. Ndiyo maana ilipoondoka Ligi Kuu hamkulia.

MANGI WA MOSHI, MAJENGO

Tulilia, chalii. Na ninyi mlikuwa mkipanda basi kuja kuitazama, saa mbili barabarani. Msijifanye mmesahau.

MPIMA ARDHI, NJIRO

Kidogo kuhusu viwanja, maana watu wanaumia. Karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri serikali ya mtaa inaonyesha kwamba mliuziana. Haionyeshi kwamba aliyekuuzia ni mmiliki, wala kwamba eneo limepangwa kuwa makazi. Kabla ya kutoa hata kishika uchumba, yaani malipo ya awali, nendeni ofisi ya ardhi ya jiji, muulize mchoro wa mipango miji unasemaje hapo, kuna barabara inapita au hakuna. Maeneo yanayozunguka mradi mkubwa ndiyo yanayohitaji barabara pana na maegesho baadaye. Serikali ikitwaa ardhi inapaswa kulipa fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema hivyo. Ila aliyejenga ndani ya hifadhi ya barabara baada ya barabara kuwekewa mipaka anabomolewa mikono mitupu.

DALALI, SOMBETINI

Na dola? Kuna wenye nyumba Njiro bado wananipa bei kwa dola.

MPIMA ARDHI, NJIRO

Kanuni zilitoka Machi 2025. Bei ya ndani kutajwa au kulipwa kwa fedha za kigeni ni kosa. Ukitangaza kwa dola na wewe umo.

MLETA MADA, MURIET

Chalii, la timu umelileta na siliachi lipite. Mimi naliona liko pamoja na la nyumba. Timu ya mji inahitaji watu wanaokaa mji. Kijana anayehamishwa kila mwaka, leo Sakina, kesho Kwa Mrombo, keshokutwa Usa River kwa sababu kodi imemshinda, hawezi kuwa mwanachama wa timu ya mtaa, hawezi kufundisha watoto wa jirani jioni. Tukiulizwa Olmoti acheze nani, jibu litatoka kwa hawa tunaowasukuma pembeni.

Mama wa Olasiti, nakuuliza wewe hasa, maana umesema ukweli kuliko wengi: ikiwa kuna mkataba wa maandishi wenye saini ya mjumbe, dhamana ya mwezi mmoja, na baraza la kata likaweza kulimaliza deni dogo ndani ya wiki chache bila wakili, utakubali miezi mitatu?

MAMA MWENYE VYUMBA, OLASITI

Miezi mitatu nitakubali. Kwa masharti yangu: dhamana iwe ya mwezi mmoja na nusu, siyo mmoja, kwa sababu fundi wa kitasa na rangi hawafanyi bure. Na Januari mpangaji anayeweza kulipa ya miezi sita kwa hiari yake asizuiwe, nami nimpunguzie kidogo.

Lakini hilo baraza la wiki chache nionyeshwe kwanza. Mimi nimeishi na ahadi nyingi. Mkutano wa mtaa ukiitishwa nitakuja, na nitauliza hilo mbele ya mwenyekiti.

NESI, NGARENARO

Uliza na la dalali mama, alipwe na aliyemtuma.

DALALI, SOMBETINI

Nusu kwa nusu. Hapo nakubali.