Wauza sponji za baharini, acheni kutudanganya kwamba "haihitaji kulishwa"!

Wakuu, nina hasira na sitaificha. Wiki iliyopita nimetoa kamba wawili na samaki mmoja wakiwa wamekufa kwenye tangi langu la kioo la kufugia matumbawe, lita 300, nililolilea miaka minne. Chanzo ni sponji moja nyekundu ya matawi niliyouziwa mwezi Machi kwenye duka moja hapa Hamburg, yuro 45.

Nilimuuliza muuzaji swali moja tu: inakula nini? Akanijibu, "Haihitaji kulishwa, inachuja maji yenyewe, itakusafishia tangi." Halafu akaishika, akaitoa nje ya maji kabisa, akaigeuzageuza inachuruzika ili niione vizuri, ndipo akaitia kwenye mfuko. Nami nimesimama natazama, kwa sababu nilimwamini.

Sponji ni mnyama jamani, si ua. Mwili wake wote ni vitundu na mifereji. Maji huingia kwa vitundu vidogo, seli zenye vimkia huyasukuma na kunasa bakteria na chembe zisizoonekana kwa macho, kisha maji hutokea kwenye tundu kubwa. Kuna sponji ndogo ya sentimita 10, nyembamba kama kidole, iliyopimwa ikipitisha zaidi ya lita 20 kwa siku. Ukimtoa mnyama huyu majini, hewa inaingia kwenye mifereji na kukwama. Hewa ilipokwama maji hayapiti, na pasipopita maji panaoza.

"Inachuja maji." Ndiyo, inachuja ili ipate kula! Na sisi wafuga matumbawe kutwa tunahangaika kuyaondolea maji kila kitu. Skima, mashine ya kutoa uchafu wa maji kwa povu, inafanya kazi usiku na mchana, taa ya UV inaua bakteria wanaoelea, kaboni inanyonya kilichobaki. Hata silika, madini yaliyoyeyuka majini, tunaiondoa, kwa kuogopa ule unga wa kahawia wa dayatomu (vimwani vidogo sana) kwenye vioo, wakati sponji nyingi hujengea vijimiba vya mwili wao kwa silika hiyohiyo. Muuzaji anayeuza skima kwenye rafu ya pili hajui haya? Anayajua.

Kinachoniuma zaidi ni muda. Samaki mbovu hufa wiki ileile, unarudi dukani na risiti yako. Sponji inakufa njaa polepole. Yangu ilikaa wiki saba nyekundu vilevile, mwisho wa Aprili ncha mbili zikawa za kijivu. Nikampelekea picha. Akasema ni mwani tu, ipunguzie mwanga. Nikaisogeza kivulini nyuma ya jiwe, ndani ya maji, sikuinyanyua, na huko ikaoza bila mimi kuona, nikiwa safarini siku nne. Narudi, harufu imeanzia mlangoni na kipimo cha amonia, sumu inayotokana na uozo, kimepanda. Nilibadilisha lita 120 usiku ule, nikawahi matumbawe tu. Nikampigia simu. "Dhamana yetu ni siku 7." Akakata.

Na asije mtu hapa kuniambia sponji haziishi kwenye tangi. Chini kwenye sampu yangu, lile tangi dogo la vifaa chini ya tangi kubwa, gizani, kuna vijisponji vyeupe vilivyokuja na mawe, vimejaa tele. Havijawahi kuguswa na hewa, na mahali pa kukaa vilijichagulia vyenyewe.

Mimi kwetu Jambiani, Zanzibar. Kina mama pale wanalima sponji za kuogea, wanazitundika kwenye kamba baharini. Hakuna anayezitilia chakula, kwa sababu maji yanajaa na kupwa, na kila mkondo unakuja na riziki yake. Nimekua naiona bahari ile, halafu nikaenda kumwamini mtu aliyeniambia sanduku la kioo litafanya kazi hiyohiyo!

Jumamosi nimepita tena dukani. Zimebaki tatu, na kibandiko bado kinasema "rahisi kutunza". Moja ina kijivu nchani. Nilimwambia dada aliyekuwa anaichagua, nikaambiwa nitoke nje.

Kama unayo ya aina hii nyumbani, nenda kaitazame ncha leo, mpaka upande wa nyuma. Ukiona kijivu, kata sehemu hiyo sponji ikiwa ndani ya maji na ukitoe kipande kilichooza saa hiyohiyo. Wenye za dukani kama yangu, wekeni picha na tarehe mliyonunua hapa chini, nataka nimpelekee zote pamoja.