Naomba ushauri: jenereta ya nyumbani kwa ajili ya friza ya kuku na insulini ya mama

MamaNuru_Bunju
Habari za wakati huu wadau. Nipo Bunju, Dar. Nauza kuku waliochinjwa, nina friza kubwa ya kufungulia juu. Nyumbani kuna friji, taa sita, feni mbili na pampu ya kisima ya HP 1. Mama yangu ana kisukari, insulini yake inakaa kwenye hiyo friji.

Wiki iliyopita umeme ulikatika saa mbili usiku, ukarudi kesho yake adhuhuri. Usiku kucha nilikuwa na tochi mkononi, kila baada ya nusu saa nafungua friza nawabonyeza kuku kwa kidole kuona kama bado ni wagumu. Sitaki kuurudia usiku ule.

Dukani wananiambia nichukue ya KVA 5 (kipimo cha nguvu ya jenereta) ili pampu nayo iende. Jirani anasema KVA 2.5 inatosha. Fundi aliyekuja kuangalia nyumba kasema atanitengenezea waya wenye plagi pande zote mbili, nichomeke soketi ya jikoni nyumba nzima iwake. Kwa sababu ya wezi nimepanga ikae barazani, ndani ya grili, chini ya dirisha la mama. Naombeni mawazo yenu kabla sijatoa hela.

Fundi_Mizunguko
Pole sana dada. Ngoja nianze na mwisho wa maelezo yako, maana hapo ndipo penye kuua. Usiiweke barazani. Moshi wa jenereta una kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Mtu aliyelala haamki kukohoa, anapitiliza usingizini. Grili haizuii kitu, na kufungua madirisha hakutoshi. Iwe nje kabisa, angalau mita 6 kutoka kwenye nyumba, ekzosi iangalie mbali na dirisha na mlango wowote. Nimeshaitwa kwenye nyumba ambayo waliiingiza koridoni wakihofia wezi, kama unavyohofia wewe. Wawili walitolewa wakiwa hawajitambui. Walipona, lakini sitaki kuona tena.

Kwa wezi jenga kizimba cha nondo: sakafu ya zege iliyo sawa, bati juu, pande zote wazi, mnyororo na kufuli. Nasisitiza sakafu iwe sawa kwa sababu jenereta nyingi zina sensa ya oili. Ikikaa upande, sensa inaona oili imepungua na mashine inagoma kuwaka. Watu wanabadilisha plagi ya injini bure kumbe tatizo ni sakafu.

Waya wa plagi mbili ukatae. Ukiuchomoa upande mmoja, pini zinabaki wazi na zina umeme. Halafu kuna huko nje: ukisahau kuzima meni swichi, umeme wako unatoka mpaka kwenye transfoma, nayo inaupandisha. Volti 230 zilizotoka jikoni kwako zinafika kwenye nyaya kubwa zikiwa 11,000 au 33,000, na fundi wa TANESCO yuko juu ya nguzo anaamini laini imekufa. Weka chenjiova, yaani swichi ya kuchagua umeme unatoka wapi: juu gridi, katikati zima, chini jenereta. Haiwezi kushika pande mbili kwa pamoja. Afunge fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji.

Kibo_Baridi
Kuhusu ukubwa, tatizo lako ni pampu peke yake. Motor ya HP 1 ikishatembea inakula kama wati 1,000, ila sekunde ile ya kuwaka inadai mara tatu au zaidi. Ndiyo maana dukani wanakupeleka kwenye KVA 5. Sasa jiulize: maji lazima yapandishwe umeme ukiwa umekatika? Nunua simtanki, lijaze umeme ukiwepo, pampu itoke kwenye hesabu.

Kinachobaki ni friza tuseme wati 200, friji 150, feni mbili 120, taa hazifiki 60. Haivuki 600. Kompresa, yaani mota za friza na friji, nazo zinadai umeme mwingi zikiwaka, kwa hiyo usiziwashe pamoja: friza kwanza, subiri itulie, ndipo friji. KVA 2.5 inabeba vizuri. KVA si kilowati, zidisha kwa 0.8 upate kama wati 2,000. Na dukani uliza nguvu ya kudumu, siyo ile kubwa iliyochorwa ubavuni, ambayo mara nyingi ni ya muda mfupi tu.

Jambo lingine: usifungue friza! Ikijaa na ikabaki imefungwa inatunza baridi karibu siku mbili, ikiwa nusu kama siku moja. Kwa joto letu usitegemee mpaka mwisho, lakini usiku mmoja kuku hawaharibiki. Kila ulipoinua mfuniko kuwapapasa ulikuwa unatoa baridi.

Nesi_Zamu
Dada, kwa mama: insulini ambayo haijafunguliwa inataka nyuzi 2 hadi 8. Ile anayotumia sasa, aina nyingi zinakaa nje ya friji karibu wiki nne mradi joto lisipite 25 au 30, soma karatasi ya ndani ya boksi. Usiku mmoja usikutie hofu. Ila usiihamishie kwenye friza kuiokoa. Ikiganda hata mara moja, itupe.

MamaNuru_Bunju
Asanteni sana, hilo la friza limeniingia. Sehemu ya wazi niliyonayo ni pembeni ya banda la kuku. Panafaa? Na matunzo yakoje? Ya marehemu baba ilikaa miezi minane, siku ya kuihitaji tukavuta kamba mpaka mikono ikachubuka.

Fundi_Mizunguko
Kuku nao wanavuta hewa hiyo hiyo, isogeze mbali na banda.

Ya baba yako nakuhakikishia ilikuwa kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Petroli ikilala miezi inageuka ute wa kahawia, mzito kama asali, na tundu la jeti, linalopitisha petroli ndani ya kabureta, ni dogo kiasi kwamba sindano haipiti. Kwa hiyo ukimaliza kutumia, toa mzigo, iache itembee dakika mbili, kisha funga koki ya mafuta izimike yenyewe kwa kukosa petroli. Kila mwezi iwashe dakika 20 na mzigo, siyo tupu.

Mpya nyingi hutoka kwenye boksi bila oili, weka kabla ya kuvuta kamba. Oili ya kwanza mwaga baada ya mashine kutembea saa 20, kisha kila saa 100 au miezi sita. Andika saa kwa kalamu kwenye daftari, kichwa kinasahau. Chujio la hewa lioshe kwa sabuni, likauke kabisa. Petroli usimimine mashine ikiwa ya moto.

MamaNuru_Bunju
Nimempigia yule fundi, waya nimeukataa. Nachukua KVA 2.5 na simtanki la lita 1,000. Kizimba kinajengwa Jumamosi nyuma ya choo cha nje, nimepima kwa futi kamba: mita 9 mpaka dirisha la mama.

Kibo_Baridi
Waya wa kutoka kizimbani usipungue milimita za mraba 2.5, na uupitishe kwenye paipu ardhini.