Usiku wa gala kwenye meli za kitalii ulivaa nini? Tupeane uzoefu

MamaPacha
Habari za jioni wanajamvi. Mwaka mpya huu mimi, mzee na mabinti zetu wawili utatukuta baharini, usiku saba. Ratiba waliyotutumia ina jioni mbili za mavazi rasmi (ndizo wanaziita gala), jioni moja ya kuvaa nyeupe tupu, na mkesha wenyewe ambao wameandika tu "pendeza". Mzee ameshaanza mgomo, tai likizoni hataki kuisikia. Mimi kinachonisumbua ni begi, maana tunaanza na ndege na kilo hazibembelezeki. Majarida ya mitindo nimeyasoma, yanavalisha wanamitindo wasiokula wala kutembea. Nataka aliyekuwepo aniambie: ulivaa nini, kipi kilirudi hakijaguswa, kipi ulikitamani na hukuwa nacho?

Sitaha_ya_Tisa
Dada, kabla ya kununua chochote angalia ni kampuni gani, maana hawafanani hata kidogo. Cunard ndio wagumu: usiku wa gala, kuanzia saa 12 jioni mwanaume anatakiwa tuksido (suti rasmi ya usiku na tai ya kipepeo) au suti ya rangi iliyokolea na tai, tena sio ukumbi wa chakula peke yake, ni karibu meli nzima. Asiyetaka anaachiwa sehemu chache, bafe ikiwemo. Norwegian hawana usiku wa kulazimishana suti. Celebrity waliachana na usiku rasmi wa zamani mwaka 2015 wakaweka wanachokiita Evening Chic, yaani pendeza tu, hata jinzi nzuri isiyochanika inapita. Carnival wapo katikati, safari ya usiku mbili hadi tano ina jioni moja ya kupendeza, kuanzia sita zinakuwa mbili.
Mimi nimeonja pande zote mbili na nasema wazi, kule kugumu ndiko kulikonoga. Ukumbi mzima ukivaa, hata muziki unasikika tofauti. Ila usiende huko na mtu aliyegoma.

Bi_Mdogo88
Mimi gauni moja jeusi refu, kitambaa cha kunyooka chenyewe, jioni zote mbili rasmi. Ya kwanza na shali ya dhahabu na hereni ndefu, ya pili na kikoti kifupi cha kumetameta. Wenzetu wa meza moja hawakugundua, na hata wangegundua?
Sisitiza kitambaa, mamito. Pasi hairuhusiwi chumbani, hata ile ndogo ya mvuke, kwa sababu moto baharini hauna pa kukimbilia. Ukiiweka kwenye begi wanaikamata kwenye mashine ya ukaguzi, unarudishiwa safari ikiisha. Meli nyingine zina chumba cha kufulia chenye pasi (jioni ya gala foleni yake ni ya kugombana), nyingine unampa dobi wa meli na unalipia kila nguo. Mimi huning'iniza gauni bafuni, nafungua maji ya moto, naoga taratibu. Mvuke unamaliza mikunjo.
Halafu baridi. Ukumbi wa maonyesho una kiyoyozi kisicho na huruma. Mabega wazi utayajutia kabla pazia halijafunguka.

Kapteni_Mstaafu_wa_Sofa
Kuhusu mgomo wa mzee. Shemeji yangu alikuwa hivyohivyo. Usiku wa kwanza rasmi akatuacha, akaenda bafe na fulana yake ya kola, akala vizuri tu na hakuna aliyemgusa. Tuliporudi akawa anatucheka. Usiku wa pili ikavuja kwamba ukumbini kuna kamba kochi na bafe hakuna. Bwana yule alivaa koti, shati jeupe, viatu vimepigwa rangi, akatutangulia mlangoni.
Kwa hiyo mbebee koti moja la rangi ya bluu iliyokolea, suruali nyeusi na shati mbili. Meli nyingi zinatosheka na hapo bila tai. Koti lenyewe alivae kwenye ndege, lisile kilo zako.

MamaPacha
@Kapteni nimecheka hadi mzee kauliza kuna nini. Nimemsomea. Ameuliza kama kamba kochi wanaruhusu kuongeza sahani.

Kapteni_Mstaafu_wa_Sofa
Kwetu waliruhusu. Usimwambie mapema.

Zuhura_wa_Mawimbi
Jioni ya nyeupe mara nyingi inafanyika juu, kwenye sitaha ya bwawa, usiku, meli ikiwa inakimbia. Hapo watu wengi hawapigi hesabu. Meli ikienda noti 18 (kipimo cha mwendo wa baharini) ni kama kilomita 33 kwa saa, maana yake hata hewa ikiwa imetulia kabisa wewe uliyesimama juu unapigwa na upepo wa kasi hiyo. Nilishuhudia magauni mepesi yakipanda hadi mabegani na wenyewe wameshika glasi mkono mmoja. Vaa suruali pana nyeupe, au sketi nzito yenye kaptula ndani. Na nyeupe chini ya taa zile inaonyesha kila kitu, jaribu nguo yako mbele ya taa kali ukiwa bado nyumbani. Nguo ya ndani iwe rangi ya ngozi yako, isiwe nyeupe.
Sisi wa hijabu, ondoa wasiwasi. Abaya yenye nakshi ilihesabika vazi rasmi bila swali, na wanaokataza kofia ukumbini wanamaanisha zile za jua na michezo.

Fundi_Viatu
Viatu vya kuchuchumia vyembamba acha. Ukumbi wa maonyesho kwenye meli nyingi uko mbele, na mbele ndiko kunakopanda na kushuka zaidi bahari ikichafuka. Sakafu ya mbao ya sitaha nayo ina mianya ya kunasa kisigino. Kisigino kinene, cha wastani. Jambo jingine ambalo hamtaambiwa: saa ya chakula siku ya gala lifti zinajaa, utapanda na kushuka ngazi na gauni lako refu. Lipime ukiwa umevaa viatu vyenyewe.

Mkesha_Funchal
Mimi mwaka mpya nilikuwa Funchal, mji wa kisiwa cha Madeira, Ureno. Meli zinakusanyika mbele ya mji, saa sita usiku milima yote inawaka fataki. Mwaka 2006 Guinness, wale wa kitabu cha rekodi za dunia, waliyatambua maonyesho hayo kuwa makubwa kuliko yote duniani, na ukiyaona hubishi. Sasa, chakula kilikuwa chini kwenye joto, watu wamemetameta, kisha saa tano na nusu wote wakamiminika sitaha ya wazi. Wenye akili walikuwa wameacha makoti kwenye viti vya juu mapema. Mimi nilivaa gauni la kumetameta la rangi ya fedha na juu yake koti zito la kawaida la kutembelea mchana. Picha zangu zote za fataki nina koti hilo, na sijali. Kofia za karatasi na matarumbeta meli iligawa, usibebe.

Begi_Lilipotea
Safari yetu begi moja lilibaki uwanja wa ndege tuliounganishia, likatufikia bandari ya tatu. Tangu hapo nguo za gala tunazichanganya: gauni langu kwenye begi la mume, koti lake kwenye langu. Hata mizigo ikifika yote, bandarini wanaichukua na wanaweza kuileta mlangoni kwako jioni, kwa hiyo nguo ya chakula cha siku ya kwanza itembee na wewe mkononi. Usiku rasmi mara chache unakuwa wa kwanza, kwa kawaida wanaupanga siku ambayo meli haitii nanga popote. Meli nyingine zinakodisha suti pia, ila uulize kabla.

Baba_Watatu
Mabinti wana umri gani? Wadogo wapewe nguo wanayoweza kulalia, watasinzia kabla ya kitindamlo. Kama mnaenda Karibi, nguo za mabaka ya kijeshi ziacheni nyumbani, hata za watoto. Barbados, Jamaica na Trinidad ni kosa kisheria raia kuzivaa, na kwenye begi la kijana wangu nilizitoa mbili. Wapiga picha wenye mapazia yao ya kupigia picha wanajaa usiku wa gala: kupigwa ni bure, kununua ndiyo hela. Tulipiga kila pazia, tukanunua moja.

Bi_Mdogo88
Nimekumbuka pochi. Chukua ndogo yenye mkanda, sio ya kushika. Fedha taslimu huhitaji, kadi ya chumba ndiyo inafungua mlango na kulipia vinywaji, kwa hiyo ndani ni kadi, simu na dawa ya kichefuchefu. Mikono yote miwili ibaki huru kushika reli za ngazi. Na ile kamba ya kuning'iniza kadi shingoni ivue jioni hiyo, jamani, gauni zuri namna ile.