Nadharia ya ekonometriki nimefaulu, lakini nikiwekewa data mbele nakwama

mwanatasnifu
Wakuu, naomba msaada. Niko mwaka wa pili wa uzamili. Mtihani wa nadharia niliupita vizuri, matriksi na vithibitisho vyote ninavyo kichwani. Sasa niko kwenye tasnifu, nachunguza kama mafunzo ya ufundi yanaongeza kipato. Rigresheni ya kwanza (hesabu ya kupima uhusiano wa mafunzo na kipato) ilinipa koefishienti ya 0.14 kwenye logi ya kipato, yaani waliofunzwa wanapata takriban asilimia 15 zaidi. Nikaongeza umri, jinsia na elimu, ikatulia palepale. Nikaongeza aina ya kazi aliyonayo mtu sasa, ikaporomoka hadi 0.02. Nilipompelekea msimamizi, jedwali hakuligusa. Aliniuliza tu, "Unamlinganisha nani na nani?" Nilikosa jibu, na hadi leo linanikosesha usingizi. Haya mambo mlijifunzaje?

dada_jedwali
Mdogo wangu, pole. Swali alilokuuliza ndilo somo lenyewe.

Nianze na hiyo aina ya kazi. Mtu akishafunzwa useremala, akaacha kibarua akawa fundi, kazi yake mpya ni tunda la mafunzo. Ukiidhibiti, yaani ukilinganisha wenye kazi sawa tu, unaziba njia ileile ambayo mafunzo yanapitia kuufikia mfuko wake. Tena unamlinganisha aliyefunzwa akabaki kibarua na kibarua asiyefunzwa, na hao huenda ni watu tofauti kabisa. Itoe. Kila kigeu (kipimo kama umri au elimu) unachotaka kuingiza, jiulize kilipimwa kabla ya mafunzo au baada.

Kuhusu kujifunza, mimi nilifunguka macho kwa karatasi na kalamu. Chukua makala ya wachumi Card na Krueger ya 1994. Tarehe 1 Aprili 1992 New Jersey ilipandisha kima cha chini cha mshahara kutoka dola 4.25 hadi 5.05 kwa saa, na jirani yake Pennsylvania haikupandisha. Wakafuatilia migahawa 410 ya vyakula vya haraka, kabla na baada. Usiwashe programu yoyote. Chora visanduku vinne, ujaze wastani wa wafanyakazi kwa mgahawa: New Jersey 20.44 kisha 21.03, Pennsylvania 23.33 kisha 21.17. Toa kila upande, unapata 0.59 na −2.16. Toa tena, 2.75. (Wao wameandika 2.76, ni desimali tu.)

Sasa usikimbie, vitazame visanduku. New Jersey ilipanda kidogo sana. Sehemu kubwa ya ile 2.75 imetokana na Pennsylvania kushuka! Kwa hiyo hoja nzima imesimama juu ya dai moja, kwamba bila sheria ile New Jersey nayo ingeshuka vivyo hivyo. Dai hilo halimo kwenye koefishienti. Inabidi ulitetee kwa kuijua sera yenyewe na kwa data za miaka ya nyuma. Njia hii ya kutoa mara mbili ndiyo inaitwa tofauti ya tofauti, nami nilikuwa nimeisoma muhula mzima bila kuliona hilo.

Chora visanduku vyako, kisha rudi hapa.

kosa_sanifu
Naongezea kwa dada. Angalia mafunzo yalitolewa kwa mtu mmoja mmoja au kwa kundi zima. Mwaka 2004 wachumi Bertrand, Duflo na Mullainathan walibuni sheria za uongo, wakazigawa kwa majimbo ya Marekani kwa bahati nasibu, wakapima "athari" zake kwenye mishahara ya wanawake kwa njia ya kawaida. Kwa kiwango cha asilimia 5, ambapo bahati tupu ingepaswa kudanganya mara 5 tu katika 100, sheria hizo zisizokuwepo zilionekana kuwa na athari hadi mara 45 katika 100. Jaribu hivyo kwenye data yako: gawa mafunzo ya uongo, rudia mara 500, hesabu ni mara ngapi yanaonekana kuwa na athari. Utaelewa kukokotoa makosa sanifu (kipimo cha jinsi makadirio yanavyoweza kuyumba) kwa makundi vizuri kuliko kwa fomula.

mwanatasnifu
Nimerudi. Nimechora, na visanduku viwili vya "kabla" ni vitupu. Data yangu ilianza kukusanywa baada ya mafunzo. Nimeishiwa nguvu.

dada_jedwali
Usikate tamaa. Waliofunzwa walichaguliwaje?

mwanatasnifu
Kwa usaili. Waliopata alama 60 na zaidi wote waliingia. Waliokosa nao wamo kwenye data, ila alama zenyewe nilizifuta nikidhani hazina kazi.

dada_jedwali
Zirudishe leo hii! Aliyepata 59 na aliyepata 60 karibu hawatofautiani, ila mmoja alifunzwa na mwingine hakufunzwa. Hao ndio wa kulinganisha. Kwanza chora idadi ya waombaji kwa kila alama, uone kama wamerundikana kwenye 60 huku 59 kukiwa na pengo. Ukiona hivyo, kuna wasaili waliosukuma watu juu ya mstari. Kama mchoro ni laini, mpelekee msimamizi huo kabla ya rigresheni yoyote.

mwanatasnifu
Faili la awali ninalo. Nachora sasa hivi, dada. Asante sana.