Uvimbe kwenye titi, wamesema si saratani. Utakuja kugeuka?

Mwari27: Habari zenu wapendwa. Nina miaka 27, sijazaa. Nikiwa naoga niligusa kitu titi la kushoto, hakiumi, ukikibonyeza kinakimbia kama goroli chini ya ngozi. Altrasaundi ikasoma sentimita 2. Wakachukua kinyama kwa sindano nene, majibu faibroadenoma, yaani uvimbe usio saratani. Daktari kasema si saratani, nirudi baada ya miezi 6. Lakini shangazi yangu alifariki kwa saratani ya matiti akiwa na miaka 38, na nyumbani wanasema uvimbe wowote mwisho wake ni huo. Usiku silali. Nikitoe au nisubiri?

MamaPacha: Pole sana mdogo wangu. Mimi nilikuwa nazo mbili. Moja ilikuwa inakua, ikatolewa. Nyingine ninayo mpaka leo, nimenyonyesha wanangu nayo. Ukishika mimba inaweza kuongezeka, usishtuke, waambie tu kliniki.

Bintimlima: Kuna bibi hapa kwetu anakanda na majani, uvimbe unayeyuka.

Darubini: Tafadhali msimkande. Nipo maabara ya patholojia, tunakopima vinyama kama hicho chako, kila siku tunapokea waliokandwa mpaka wakachelewa.

Mwari, soma karatasi yako ya majibu. Faibroadenoma ya kawaida na vifuko vya maji haviongezi hatari ya saratani kiasi cha kukukosesha usingizi. Seli zikiwa zimezaliana kupita kawaida ila umbo lao bado zuri, hatari ni mara 1.5 hadi 2 ya mwanamke mwingine. Zikizaliana na umbo likaanza kuharibika, karatasi itaandika atipia. Hapo ni kama mara 4. Hata huyo wa atipia si mgonjwa wa saratani, ila lazima afuatiliwe kwa karibu.

Kinachonisumbua mimi ni shangazi. Watu hudhani upande wa baba hauhesabiwi. Unahesabiwa, na miaka 38 ni mapema. Daktari anajua?

Halafu kikikua haraka, chuchu ikiingia ndani au kutoa damu, ngozi ikiwa kama ganda la chungwa, usingoje hiyo miezi 6.

Mwari27: Asante sana. Nimeitoa karatasi kwenye bahasha, imeandikwa hakuna atipia. Nimelia. Shangazi sikumtaja, hakuniuliza na mimi sikujua kama inahusu. Jumatatu narudi kumwambia.

MamaPacha: Muulize na baba kama kuna ndugu mwingine aliyeugua. Kina baba hawasemi mpaka waulizwe.