Skuli imewaimbisha watoto wetu kwa flashi, na wapigaji muziki tunao mtaani

Assalam aleikum wana jukwaa. Jana usiku nimetoka ukumbini na hasira, na leo bado ninazo, basi naandika.

Mwanangu yuko darasa la sita, skuli moja ya binafsi hapa Unguja mjini. Miezi miwili watoto wamefanya mazoezi ya igizo la nyimbo, mwalimu anawapigia kinanda kila Jumamosi. Wiki ya mwisho uongozi ukasema muziki utatoka kwenye flashi, eti gharama. Gharama gani jamani? Kila mzazi katoa shilingi 20,000. Tumeona maputo, tumeona mpiga video, tumeona spika mbili zimefika dari.

Sasa sikilizeni. Muziki wa kwenye flashi ulikuwa juu kuliko sauti waliyoizoea. Mwanangu ana ubeti wa peke yake wimbo wa tatu. Akachelewa pumzi moja tu, akaingia muziki umeshafika mstari wa pili. Akaanza kuukimbilia. Namwona kakaza shingo, kashika pindo la kanga, macho yanamtafuta mwalimu, na mwalimu yuko nyuma ya pazia kainamia laptopu. Angekuwa kwenye kinanda angekirudia kile kipande, mtoto akaingia, wala pasingekuwa na mtu wa kujua. Flashi haimuoni mtoto, inakwenda tu.

Na hii ni Unguja! Kikundi cha taarabu cha Ikhwani Safaa wanapiga tangu 1905. Kwenye taarabu mwimbaji akitunzwa, wapigaji wanamtazama, wanazungusha muziki mpaka awe tayari kuendelea. Watoto wetu wamekua wanayaona haya harusini. DCMA, chuo cha muziki, wanafundisha vijana udi, kanuni, fidla na ngoma humu humu mjini. Jirani yangu ni mpiga fidla. Nilimuuliza mapema, akasema atakuja na mwenziwe wa ngoma ya dumbaki, wapewe nauli na chai basi. Nikaandika kwenye grupu la wazazi. Nikajibiwa "tumeshapanga".

Skuli ya shamba isiyo na mpigaji wa karibu, nawaelewa kabisa, bora flashi kuliko watoto kukosa igizo. Hata kwa mazoezi ya nyumbani inafaa, mtoto anasikiliza kwenye simu anashika wimbo. Lakini usiku wenyewe, mbele za watu, mwalimu aliyewafundisha yupo na kinanda chake kimefunikwa kitambaa pembeni ya jukwaa? Hilo sikubali.

Leo asubuhi mtoto kaniuliza, "Baba, mimi ndiye niliyeharibu?" Nimemwambia hapana. Sijui kama kaniamini.

Kikao cha wazazi ni Jumamosi. Ambao skuli zenu zinaita wapigaji, niambieni: wangapi, mnawalipa nini, na wanakaa mazoezi mara ngapi na watoto kabla ya siku yenyewe? Nataka niingie na hesabu mkononi.