A Corner in Wheat (1909): mbona watu wa foleni ya mkate wameganda?

mtazamabubu: Wakuu naombeni msaada, nimeangalia hii muvi bubu ya mwongozaji D.W. Griffith, iko kama dakika 14 hivi, tajiri mmoja wa Marekani ananunua ngano yote sokoni mpaka mkate wa senti 5 unafika 10. Sasa kuna sehemu matajiri wako kwenye karamu wanakula na kunywa, ghafla tunapelekwa dukani kwa muuza mkate watu wamepanga foleni wametulia tuli hata kope hazipepesi, nikajua bando limekata nikarudisha nyuma wapi, vilevile. Kopi mbovu au ndo ilivyo?

kiticha_nyuma: Ndo ilivyo mkuu, kopi yako nzima kabisa. Waigizaji walisimama makusudi bila kutikisika, kamera inaendelea kupiga tu. Angalia ilivyopangwa, karamuni kila mtu mikono inacheza, glasi juu, halafu paap, hawa wamekauka kama wamechorwa. Na kitu kingine, mkulima, tajiri na mnunua mkate hawakutani hata sekunde moja muvi nzima! Kinachowaunganisha ni mkato wa picha, yaani kurushwa kutoka tukio moja hadi jingine, na ile bei iliyobandikwa dukani. Dhuluma yenyewe iko hapo, anayekuumiza hakujui wala humjui.

Mbishi Kidogo: Foleni sawa, ila mwisho siuafiki. Jamaa anatembeza wageni kwenye ghala la nafaka, analetewa taarifa soko la dunia lote liko mkononi mwake, anashangilia, anateleza shimoni ngano inamfukia. Watu mnasema malipo ni hapa hapa duniani, malipo gani sasa? Kateleza tu. Wenye njaa waliojaribu kudai mkate wao wamekutana na polisi.

kiticha_nyuma: Lakini muvi haijasema amelipa, hebu nionyeshe wapi bei imeshuka baada ya yeye kufa. Hakuna. Mkulima anarudi shambani kupanda, tena safari hii peke yake. Kile kifo kinafanana na cha kwenye The Octopus, riwaya ya Frank Norris ya 1901, mle mtu anafukiwa na ngano ndani ya meli. Habari ya kuhodhi soko iko kwenye The Pit ya huyohuyo Norris, soko la Chicago, kaisome.

Mbishi Kidogo: Haya hapo kwenye bei umenishika, ila kuteleza bado ni bahati nasibu

mtazamabubu: Asanteni, nairudia leo. Aliyeipandisha mtandaoni kaweka piano ya kuchangamka mpaka kwenye foleni, nazima sauti